Ndama wa Mashine Saba

Sijawahi kumwona kulungu wa barafu kwa macho yangu. Sijamgusa, sijamnusa, sijaonja hata mchuzi wake. Lakini kwa miaka tisa nimemhesabu kwenye picha, kila kichwa mara mbili, na kama hakuna aliyenitazama, mara tatu. Sasa macho yamegoma. Daktari wa macho mjini Lilongwe alinionyesha ubao wa herufi akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mistari mitano na herufi kama ishirini na tatu. Akasema hakuuliza ni ngapi. Ni presha ya macho, imekula pembeni zote, nimebaki kama mtu anayechungulia dunia kupitia bomba.

Kwa hiyo nimeacha kazi, na Madam Chimwemwe, msimamizi wetu, ameniomba niwaandikie ninyi mnaobaki chumbani yale ambayo hayamo kwenye mwongozo. Alidhani nitaandika kurasa mbili. Zitazidi, kwa sababu liko jambo moja ambalo halimo kwenye mwongozo wala kwenye daftari lake la mahudhurio, na linahusu kazi mtakayoifungua Jumatatu asubuhi.

Nilitoka Bukavu na diploma ya ualimu, ambayo hapa Malawi ilinifaa siku moja, mvua iliponyesha nikawa sina cha kufunikia kichwa. Kabla ya chumba chetu nilikuwa nauza mitumba soko la Area 25, ile wenyeji wanaita kaunjika. Soko lilinifundisha jambo moja ambalo lilikuja kuniharibu: kwamba namba yoyote anayoitaja mtu ni mwanzo wa mazungumzo tu. Akisema kumi, wewe sema nne, mtakutana mahali. Nilikuwa hodari wa kukutana mahali. Mahali penyewe palikuwa karibu na kwangu siku zote.

Nilipoingia chumbani siku ya kwanza, pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, palikuwa na mashine nane, paneli za jua juu ya bati, na feni moja iliyokuwa inapunga upande wa ukuta. Tulikuwa watu wanane. Tuliambiwa kuna kazi ya kutazama picha, nami nikafikiri ni picha za harusi. Kwenye skrini kubwa akatokea mama mmoja mwenye sweta nene, mtafiti wa nchi ya kaskazini kabisa, anaongea Kifaransa polepole kama anayelisha mgonjwa. Tulimwita Daktari tangu siku hiyo. Akatuonyesha mnyama: mwili wa ng'ombe mdogo, miguu ya mbuzi, pembe kama matawi makavu, na majike nayo yana pembe. Kwa Kifaransa anaitwa caribou. Espérance, binti wa Uvira aliyeketi karibu na dirisha, akasema, "Karibu, papa, ingia, lakini kiti haiko." Chumba kikacheka. Daktari naye akacheka, bila kujua anacheka nini.

Akatueleza. Wanyama wale wanatangatanga katika nchi isiyo na miti, na hakuna mtu awezaye kuwahesabu wakiwa wametawanyika. Lakini ziko wiki chache za joto ambapo mbu na inzi wanawasumbua hadi wanakimbilia vilimani penye upepo na kwenye mabaki ya theluji, wanabanana bega kwa bega. Hapo ndipo ndege ndogo inapita juu na kupiga picha.

"Kumbe sensa banafanya mbu," akasema mtu aliyekaa upande wangu wa kushoto.

Huyo alikuwa Papa Thaddée. Mnyarwanda, alipitia Kongo kama wengi wao, mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, mtu wa kanisa asiyepayuka. Utotoni alichunga ng'ombe, ukubwani alikuwa mchanjaji wa mifugo. Kati yetu wanane ni yeye peke yake aliyewahi kuhesabu kitu chenye miguu minne kinachotembea. Tulipangwa wawili wawili, nikawa naye. Kila picha inahesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, halafu mnalinganisha. Mimi nikaona nimepata kazi niliyozaliwa nayo: kuhesabu mara mbili na kulipwa heshima kwa tabia ambayo mke wangu anaiita ugonjwa.

Yote ninayoyajua ya kazi hii alinifundisha yeye, na mengi mnayafanya ninyi bila kujua yametoka wapi. Ile ya kuanza kona ya juu kushoto na kushuka kwa matuta kama mtu anayelima, ni yake. Ile ya kutazama kivuli badala ya mwili, ni yake, kwa sababu mwili wa mnyama ukiutazama kutoka angani ni punje tu, lakini kivuli kina miguu na pembe. Kila baada ya tuta moja alitoa macho nje ya mlango, akatazama barabara na baiskeli za kabaza zinazopita na abiria wao, akahesabu pumzi kumi, ndipo akarudi. Na vikombe viwili vya maharagwe: ukimaliza tuta unahamisha punje moja kutoka kikombe hiki kwenda kile, ili ukiitwa na Madam ujue umeishia wapi. Mashine inaweza kuzimika. Harage halizimiki.

"Na mutoto je?" nilimuuliza wiki ya kwanza. "Namujua namna gani?"

"Mutoto hatembeaka peke yake. Tafuta mama kwanza. Ukikosa mama, usiseme mutoto."

Ndama ndio kiini cha kazi yetu, na naomba mlielewe hilo vizuri, kwa sababu mimi nililielewa kwa kichwa tu. Kundi linaweza kuonekana kubwa na huku limeshakufa. Ukiwa na majike elfu na ndama hakuna, unatazama shule yenye walimu watupu. Ndiyo maana ndege inapita pia mapema, kabla ya wiki za mbu, majike yanapozaa kwenye miteremko ileile waliyozalia mama zao, na picha hizo ndizo ngumu. Ndama ni mdogo, ni wa kahawia, na analala katikati ya mawe ya kahawia.

Tulipewa rangi tatu. Njano kwa mkubwa, kijani kwa ndama, kijivu kwa kile usichokijua. Kijivu kingeenda kwa Daktari, naye angekitazama mwenyewe kwa vifaa vyake. Na kila alama iliandikwa namba ya mashine, si jina la mtu. Kumbukeni hilo.

Siku ngumu zilikuwepo nyingi. Ule mwaka wa kwanza, katikati ya baridi yao, mvua ilinyesha juu ya theluji ikaganda. Kulungu hula mmea mmoja mkavu unaoota chini kama manyoya ya godoro, na huufukua kwa kwato. Safari ile kwato ziligonga barafu. Chakula kilikuwa pale, sentimita chache chini ya pua zao, wakafa wakikisimamia. Majike machache yalikuwa yamevishwa mikanda shingoni inayotuma mahali walipo, na Daktari alituonyesha ramani yenye nukta zao. Nukta zilikuwa zinatambaa kama mchwa. Moja ikasimama. Halafu mbili. Mkanda usipotikisika kwa muda fulani unatuma ujumbe wa kifo, na asubuhi hizo tulikuwa tunafungua chumba na kukuta ujumbe umefika kabla yetu. Espérance aliacha kufanya mzaha kwa siku nne. Nilizihesabu.

Nadhani ni baridi ile iliyoniingiza kwenye kosa. Sisemi hivyo ili kujitetea.

Tulipopata picha za kuzaa za msimu wa pili, tukakaa kulinganisha. Ulikuwa mteremko mrefu, ule wenye mkondo wa maji mfano wa herufi S, mnaujua. Papa Thaddée alitazama skrini yangu, akatazama yake.

"We uko na kijani kumi na ine hapa," akasema. "Mi niko na tano, na kijivu tisa."

"Kijivu tisa? Papa Thaddée, unataka kuacha batoto tisa inje?"

"Sijasema ni batoto. Nasema sijui."

"Sijui njo nini? Mi nilikaa pending miaka sita. Kila asubuhi naenda kuangalia liste ukutani. Jina haiko. Habajakataa, habajakubali. Mi siweki kintu yenye kupumua kule."

"Papa Clarisse," akasema, kwa kuwa Clarisse ndiye mtoto wangu wa kwanza, "labda ile haipumue. Labda ile ni jiwe."

"Basi tukate. Saba kijani, mbili kijivu."

"Unanunua suruali?"

"Nane, na moja kijivu juu ya heshima yako."

Akacheka. Hicho ndicho kilichonipa ushindi: alikuwa mtu mpole na nilimchekesha. Mwongozo ulisema tukitofautiana turudi kwenye kila kichwa, kimoja kimoja. Sisi tulikutana mahali. Orodha ya makubaliano ikaenda na ndama wangu, na hesabu yake ya kwanza ikabaki imehifadhiwa ndani ya mashine, hakuna aliyeisoma.

Msinielewe vibaya, sikuwa mvivu. Wengi wenu mmezaliwa hapa na mnajua maana ya jina kukosekana. Asiye kwenye orodha hali. Anayening'inia kati ya ndiyo na hapana ndiye mwenye taabu kuliko aliyekataliwa, maana aliyekataliwa angalau anajua aanzie wapi kulia. Kwa hiyo mkono wangu kila ulipofika kwenye doa la kahawia lenye mashaka, ulilipatia kadi ya chakula, yaani kijani. Niliona ni huruma. Na chumba kizima kiliiga, kidogo kidogo, lakini mimi ndiye niliyekuwa kinara. Daktari akatokea kwenye skrini akatusifu: katika vyumba vyote vinavyomfanyia kazi, chetu ndicho chenye kijivu kidogo kuliko vyote. Tulipiga makofi. Papa Thaddée alipiga mara mbili, akashusha mikono.

Lazima niwaambie hesabu ilikwenda wapi. Kule kaskazini wako watu wanaoishi kwa mnyama huyu kama sisi tunavyoishi kwa ugali wa nsima. Baraza lao hukaa kila mwaka, linatazama namba, linasema kila familia ipige wangapi, na kama majike yaguswe au yaachwe. Baada ya hesabu yetu ya mwaka wa kwanza na wa pili, baraza lilisema ndama ni wengi, majike yapigwe. Na jike mmoja akipigwa hupigwa pamoja na wote ambao angewazaa.

Msimu wa tatu Daktari alitokea bila sweta na bila salamu. Akaweka picha mpya. "Ndama wa mwaka jana leo wangekuwa vijana wa mwaka mmoja," alisema. "Wako wapi?" Walikuwa wametafuta mbwa mwitu, dubu, ugonjwa, barafu. Walikuwa wametembea kwa miguu wakitafuta mifupa. Mifupa midogo kiasi kile haikuwepo.

Siku mbili baadaye Papa Thaddée aliniita kwenye mashine yake. Alikuwa ameweka picha mbili za ule mteremko wenye mkondo wa S, ya mwaka jana na ya mwaka huu, moja juu ya nyingine. Akaivuta ya juu taratibu kama mtu anayefunua kitanda cha mgonjwa. Ndama wangu walikuwa palepale. Wamelala vilevile, hawajakua, hawajahama, mama hakuna.

"Biko na nidhamu sana, bale batoto bako," akasema.

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Mteremko ule peke yake ulikuwa na wanane. Yule wa tisa, niliyemwachia kijivu kwa heshima yake, naye alikuwa jiwe.

"Tuseme leo," akasema.

Ninyi mnajua nilifanya nini. Nilifanya ninachokijua. Nikamwambia mkataba wa chumba unaisha baada ya miezi miwili, tungoje utiwe saini kwanza, watu wanane wana watoto, mimi peke yangu nina wanne. Akasema leo. Nikasema miezi miwili. Akasema kesho kutwa. Tukakutana kwenye wiki tatu, na katika wiki tatu hizo, kule kaskazini msimu wa kuwinda ukafunguliwa.

Daktari hakutungojea. Aliona mwenyewe. Akatokea mbele ya chumba kizima, na kwenye skrini akaweka doa la kijani juu ya jiwe, kubwa hivi, hata kipofu angeliona, hata mimi leo ningeliona. "Alama hizi zote za mteremko huu ni za mashine saba, msimu wa pili," akasema. "Nani alikuwa mashine saba?"

Madam Chimwemwe alikuwa ameanza kazi msimu ule wa tatu. Hakujua nani aliketi wapi kabla yake. Tulikuwa tukibadilishana viti kila msimu kwa sababu ya jua la dirishani. Waliojua kwa hakika walikuwa wawili, mimi na jirani yangu wa mashine sita. Nilitazama kikombe cha maharagwe. Nilikuwa na punje kumi na moja upande wa kulia. Nilikuwa nafungua mdomo, nawaapia, nilikuwa nautafuta mdomo ulipo.

"Njo mi," akasema Papa Thaddée.

Neno lile lilifanya kazi mbili. Lilimfanya yeye kuwa mashine saba, na likanifanya mimi kuwa mashine sita. Daktari akafungua hesabu ya kwanza ya mashine sita, iliyokuwa imelala bila kusomwa, akaona kijivu tisa pale ambapo pana mawe tisa. Akanigeukia mimi. Akanishukuru kwa uangalifu wangu.

Nilimfuata nje. Alikuwa anafungua kifungo cha juu cha shati, mara ya kwanza namwona akifanya hivyo.

"Juu ya nini, Papa Thaddée?"

"Mugongo inaniuma. Kile kiti ni kibaya."

"Nitasema kesho."

"Sema," akajibu, akapanda kabaza.

Sikusema. Nilikuwa na kesho nyingi na nilizitumia zote. Mkataba ukatiwa saini, chumba kikabaki, mwenye kosa akaondolewa, na mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha wapya jinsi ya kutia kijivu. Baadhi yenu ni mimi niliyewafundisha. Niliwafundisha vizuri. Kila neno lilikuwa lake.

Wakafuta alama za mashine saba za msimu wa pili. Walimpata mkosaji mmoja, wakaacha kutafuta. Lakini kosa langu halikuanza msimu wa pili, wala sikukaa mashine saba siku zote. Mawe mengine ya kijani yalibaki kwenye picha nyingine, yametulia. Halafu ikaja programu, ile inayohesabu yenyewe, na ilipaswa kujifunza kutoka kwa watu. Ikalishwa picha zetu za zamani zote. Ninyi sasa hamhesabu, mnakagua. Nimewasikia mkicheka programu inapotia ndama juu ya jiwe lililo peke yake mteremkoni, mkisema mashine imelewa. Haijalewa. Ilifundishwa na mtu mwenye huruma.

Miaka miwili baada ya kuondoka kwake nilimkuta Papa Thaddée soko la Area 25, kulekule nilikotoka mimi. Alikuwa anauza vitunguu kwa mafungu, ameketi kwenye kreti, mgongo umenyooka. Nilitaka kupita upande wa pili. Aliniona kwanza.

"Papa Clarisse! Bale bakulungu, biko namna gani?"

"Banashuka."

"Na batoto?"

"Kidogo. Kidogo sana."

Akatoa kitunguu kimoja kwenye fungu hili akakiweka kwenye lile, akalitazama, akakirudisha. "Basi musibasaidie kuzaa," akasema. Akanifungia vitunguu kwenye mfuko, akanikataza nisibishane bei. Ni mara pekee maishani nimenunua kitu kwa bei ya kwanza.

Alikufa msimu wa mvua uliopita, kifua. Alizikwa Dzaleka. Kwaya yao iliimba vizuri. Bwana mmoja wa kanisa akasoma maisha yake: alizaliwa, alichanja ng'ombe, alikimbia, alifanya kazi ya kompyuta, ikaisha kwa sababu ya makosa ya kuhesabu. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mjane wake, Mama Vestine, hakutikisa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kofia mkononi, na hata hapo nilikuwa nahesabu mistari ya watu.

Wiki iliyopita, baada ya kurudisha ufunguo wangu kwa Madam Chimwemwe, nilikwenda kwa Mama Vestine. Nilimkuta uani na ungo wa maharagwe mapajani, anachagua mawe. Nikamweleza yote, tangu suruali hadi kiti. Hakuinua kichwa.

"Alisema utakuya," akasema. "Alisema, Papa Clarisse atakuya siku macho itakwisha."

"Alikuwa anajua kama ningenyamaza?"

"Alijua. Alisema we uko na batoto bane. Betu bote balishaenda."

"Alikasirika?"

"Juu yako? Hapana. Juu ya bale banyama, ndiyo. Alikuwa anabaombea mu sala ya mangaribi. Mi nilikuwa nasikia haya, jirani asisikie tunaombea banyama."

Nikamuuliza kama ananisamehe. Akanisogezea ungo. "Saidia," akasema.

Nikauchukua. Nikainamisha kichwa, nikaweka bomba langu la kuonea juu ya maharagwe, nikaanza kona ya juu kushoto kama nilivyofundishwa. Yalikuwa ya kahawia. Mawe nayo yalikuwa ya kahawia. Nilichagua, nikatupa, nikabakisha, kwa uangalifu wote niliobaki nao. Baada ya muda akanyoosha mkono, akapekua upande niliomaliza, akanyanyua kitu kati ya vidole viwili akakigonga kwenye ukingo wa ungo ili nisikie sauti yake.

"Lete," akasema. "Utatukulisha mawe."

Sikupata jibu jingine, na sikulipigania.

Nimemwambia Madam Chimwemwe. Akasema, "Bambo, ungesema mapema." Nikamwambia zikomo, asante ya hapa ambayo pia ni samahani. Barua kwa Daktari imekwenda. Bado hajajibu, na sidhani jibu lake litakuwa refu. Kundi halitarudi kwa barua. Majike yaliyopigwa yamepigwa, na baraza lao kule, nilivyosikia, sasa limekataza hata dume. Familia zinakula vya kopo.

Lakini programu bado inajifunza, na hilo liko mikononi mwenu. Jumatatu fungueni picha za zamani. Msimu wa kwanza nilikaa mashine mbili, karibu na mlango. Msimu wa pili, mashine saba. Msimu wa tatu, mashine tano, hadi siku ya ule mkutano. Kila kijani ya mashine hizo isiyo na jike pembeni, itoeni. Msikutane nayo mahali. Mkiwa wawili, mmoja aende akakae upande wa pili wa chumba, na msichekeshane hadi mmalize.

Kwenye faili la makosa kuna jina moja. Lifuteni, muandike langu.

Na hesabu ya kwanza ya mashine sita, msimu wa pili, bado imehifadhiwa. Anzeni kuifundisha programu kwa hiyo. Ukifika kwenye mteremko wenye mkondo wa S utakuta kijani tano, kila mmoja na mama yake, na kijivu tisa. Zile kijivu msiziguse. Mashine sita hakuwa mimi.